Mpira Uliotoka Mchangani

Ninafundisha kemia katika shule ya upili ya kutwa huku Itumbe, katikati ya mashamba ya chai ya Kisii. Wasichana wangu wamehudhuria mafunzo ya hedhi ya kila aina. Wameonyeshwa jinsi ya kukunja kikombe cha hedhi, kukiingiza, kukitoa na kukiosha. Lakini wageni wakishaondoka na viti vikirudishwa darasani, swali wanaloniletea maabara ni jingine kabisa: "Madam, hiki kitu kimetengenezwa na nini? Ni plastiki? Ni mpira kama wa tairi? Kikishinda ndani mchana kutwa hakitatuachia sumu?"

Naliheshimu sana swali hilo. Kitu kinachokaa ndani ya mwili kwa muda wa saa nyingi, mwezi baada ya mwezi, na ambacho muuzaji anaahidi kitadumu hadi miaka 10, ni haki ya mwenye mwili kujua asili yake. Tena jibu lake ndilo linaloamua karibu mambo yote yanayofuata: kama kikombe kinavumilia kuchemshwa, kama kinafaa kwa mtu mwenye mzio, kitazeeka lini, na kwa nini kimoja kinauzwa shilingi mia tatu na kingine elfu tatu.

Kwa msomaji ambaye hajakiona, kikombe cha hedhi ni kifaa kidogo laini chenye umbo la kengele, na chini yake kuna kikia cha kushikia. Hukunjwa, huingizwa ukeni, kikafunguka humo na kukinga damu. Hakiinyonyi damu kama sodo inavyofanya. Vikombe vingi hubeba mililita 20 hadi 30, na mwanamke wa kawaida hutokwa na mililita 30 hadi 80 kwa siku zote za hedhi. Ndiyo sababu kinaweza kukaa hadi saa 12 kabla ya kumwagwa, ingawa siku ya damu nyingi humwagwa mapema zaidi. Matundu madogo karibu na ukingo hupitisha hewa ili kisivute nyama za mwili wakati wa kukitoa.

Saa hizo ni jambo kubwa kwa watu wa huku. Mchuma chai huingia shambani kungali na umande, kapu mgongoni, na mara nyingi hapati choo cha maana mpaka amefikisha majani kwenye kituo cha kununulia. Sodo ikilowa katikati ya mistari ya michai, hana pa kuibadilishia wala pa kuitupa. Wanafunzi wangu nao wengi hutembea masafa marefu kuja shule na kurudi, na vyoo vya shule nyingi za kutwa havina maji ya bomba. Kwa hiyo sishangai kuona hamu ya vikombe ikiongezeka. Ninachotaka ni hamu hiyo iende pamoja na maarifa.

Vikombe vingi vinavyouzwa leo vimetengenezwa kwa mpira wa silikoni. Na hapa sisi Wagusii wa Kisii tuna bahati, kwa sababu nusu ya hadithi ya silikoni iko nyumbani kwetu.

Mgeni akija Kisii hupelekwa Tabaka, kule Mugirango Kusini, kuona jiwe laini likichongwa viboko, vikombe, sahani na watu waliokumbatiana. Jiwe lile lina madini ya talki, na talki ni muungano wa magnesi, silikoni, oksijeni na hidrojeni. Vumbi jeupe linalomfunika mchongaji wa Tabaka lina elementi ile ile iliyo ndani ya kikombe cha hedhi. Mchanga mweupe wa mtoni nao ni hivyo hivyo: umejaa silika, yaani silikoni iliyoshikana na oksijeni. Baada ya oksijeni yenyewe, silikoni ndiyo elementi iliyo nyingi kuliko zote katika gamba la dunia. Tunaikanyaga kila siku.

Kutoka jiwe hadi mpira ni safari ya viwanda. Mawe ya kwatzi huyeyushwa pamoja na makaa katika tanuri la umeme lenye joto la karibu nyuzi 2,000, kaboni ikaondoa oksijeni, ikabaki silikoni tupu inayong'aa kama chuma. Silikoni hiyo husagwa na kukutanishwa na gesi ya kloridi ya methili mbele ya shaba, ambayo hufanya kazi ya kichocheo. Njia hiyo iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 na Eugene Rochow nchini Marekani, na Richard Müller nchini Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake. Kinachopatikana huchanganywa na maji, na hapo molekuli huanza kushikana mikono na kuwa nyuzi ndefu.

Wanafunzi wa kidato cha nne tukifika kwenye polima huwachorea uzi huo ubaoni: silikoni, oksijeni, silikoni, oksijeni, mithili ya shanga za rangi mbili zilizotungwa kwa zamu, na kila shanga ya silikoni imebeba vikundi viwili vidogo vya methili ubavuni. Plastiki tulizozizoea, za mifuko na mitungi, zina uti wa mgongo wa kaboni. Mpira wa silikoni hauna. Fungo la silikoni na oksijeni ni imara sana, haliogopi joto la maji yanayochemka wala jua la adhuhuri. Vikundi vya methili navyo hufukuza maji, ndiyo maana damu huteleza na kumwagika bila kuzama ndani. Uzi wenyewe hujipinda kwa urahisi, kwa hiyo mpira unabaki laini wakati wa baridi na wakati wa joto.

Lakini nyuzi hizo zikiachwa hivyo ni mafuta mazito tu. Ili ziwe mpira ni lazima zifungwe moja kwa nyingine, na huku kufunga ndiko kunakotenganisha kikombe kizuri na kibaya. Viwanda vinavyotengeneza vifaa vya hospitali hutumia sana platini kuzifunga. Platini inahitajika kidogo mno na haiachi mabaki ya kuhangaisha. Njia nyingine, ya bei nafuu, hutumia peroksidi, na hiyo huacha vipande vya kemikali ndani ya mpira ambavyo ni lazima vifukuzwe kwa kuuoka mpira saa kadhaa katika tanuri. Mwenye kiwanda anayetaka kuuza haraka anaweza kufupisha hatua hiyo. Mnunuzi hataona tofauti kwa macho. Ataisikia puani: kikombe kipya cha silikoni safi hakina harufu ya maana, na kinachonuka kemikali hata baada ya kuchemshwa hakifai kuingia mwilini mwa mtu.

Zaidi ya hapo huongezwa unga laini sana wa silika, kwa sababu mpira wa silikoni usio na silika huchanika ovyo. Nalisema hili kwa makusudi. Kuna ushauri unaozunguka katika simu kwamba ukikunja kikombe na mahali palipokunjwa pakawa peupe, basi kimechakachuliwa kwa vijazio. Ushauri huo hauaminiki. Kila mpira wa silikoni wenye nguvu una kijazio cha silika ndani yake, na rangi ya mkunjo hubadilika kwa sababu nyingi, zikiwemo unene na rangi iliyotiwa.

Kuna jaribio moja ninaloliamini, nalo tulilifanya maabara. Wanawake wengi hukata kikia cha kikombe kikiwachoma au kikionekana kirefu mno kwao, na mwenzangu mmoja alinipa kipande alichokikata. Nilikishika kwa koleo juu ya mwali wa kichomeo cha Bunsen, wasichana wamenizunguka. Kiliwaka kwa utulivu, hakikudondosha tone hata moja, kikaacha jivu jeupe linalovunjika ukiligusa. Jivu hilo ni silika. Mpira ulirudi mchanga mbele ya macho yetu. Kisha tukachoma kipande cha kikombe kingine, cha bei rahisi, kilichoandikwa silikoni kwenye pakiti. Hicho kililainika kwanza, kikaanza kudondosha matone yanayowaka, na moshi wake ulikuwa mweusi kama wa mfuko wa plastiki. Hakikuwa silikoni. Pakiti ilidanganya, na binti aliyekinunua alikuwa amekichemsha akiamini maandishi hayo.

Hiyo aina ya pili ina jina lake halali, na kuna makampuni ya kweli yanayoitumia bila kuficha. Huitwa TPE, jamii ya plastiki yenye tabia ya mpira: laini na ya kunyumbulika ikiwa baridi, huyeyuka ikipata joto kali. MeLuna ya Ujerumani ni mfano wa vikombe vya namna hiyo. TPE ya daraja la hospitali ni salama mwilini, hulainika kidogo kwa joto la mwili jambo ambalo wengine hulipenda, na kwa kuwa huyeyuka, kiwanda kinaweza kuitumia tena. Haina protini za utomvu wa mpira zinazoleta mzio. Shida yake kwetu ni jiko. Maji yakikauka kwenye sufuria wakati mama ameitwa nje na ng'ombe, kikombe cha TPE hushikamana na chuma na kuharibika. Cha silikoni kitaungua kikiachwa muda mrefu, lakini hakitayeyuka. Kwa hiyo aliye na TPE na ajue ana TPE, achemshe kwa maji mengi, na asiondoke jikoni.

Aina ya tatu ni kongwe kuliko zote: mpira wa asili, utomvu wa mti wa mpira, ule ule unaogemwa kwenye mashamba ya Muheza kule Tanga. Mwigizaji wa Marekani, Leona Chalmers, alipata hataza ya kikombe cha hedhi mwaka wa 1937, na kikombe chake kilikuwa cha mpira wa asili. Ukitazama mchoro wake utakitambua mara moja, kwa kuwa umbo halijabadilika sana tangu wakati huo. Kilichokikwamisha ni mali ghafi. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, mpira ukawa adimu na ukaelekezwa jeshini, biashara ikasimama. Vikombe vilijaribiwa tena miaka ya 1950 na 1960 bila mafanikio makubwa. Mwaka wa 1987 kikatokea Marekani kikombe cha The Keeper, bado cha utomvu wa mpira na rangi yake ya hudhurungi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mooncup ya Uingereza ilianza kuuza vikombe vya silikoni, na hapo ndipo kifaa hiki kilipoanza kuenea duniani.

Mpira wa asili ni mzuri, una nguvu, na unatoka kwenye mti. Lakini una protini ambazo miili ya watu wengine huzikataa: ngozi huvimba na kuwasha, na kwa wachache pumzi hubana. Mwanamke ambaye huwashwa akivaa glavu za mpira au akitumia kondomu za kawaida asikikaribie kikombe cha aina hiyo. Mafuta ya kujipaka nayo huula mpira wa asili, na joto la mara kwa mara huuzeesha. Kikombe cha mpira wa asili kikianza kunata au kupasuka nyufa ndogo, maisha yake yamekwisha.

Wapo wanaoniambia silikoni ni kitu kigeni, hawako tayari kuweka kitu kigeni mwilini. Kwa heshima nawajibu kwamba wengi wao tayari wanacho. Vijiti vya Jadelle ambavyo wanawake wengi wa Kenya wamewekewa mkononi kupanga uzazi vimetengenezwa kwa mpira wa silikoni uliobeba homoni, na hukaa chini ya ngozi miaka mitano. Baadhi ya mipira ya kupitishia mkojo hospitalini ni ya silikoni. Nyonyo za chupa za watoto pia. Madaktari waliichagua kwa sababu mwili hauigombezi.

Hata hivyo neno silikoni peke yake halitoshi. Silikoni ya kuzibia madirisha nayo ni silikoni. Inayofaa ni ile ya daraja la matibabu, maana yake imepimwa kama inadhuru chembe hai, kama inawasha ngozi, kama inatoa kitu chochote ikikaa mwilini, na kiwanda kinaweza kuonyesha karatasi za vipimo hivyo. Vipimo vya kimataifa vinavyotumika ni vile vya mfululizo wa ISO 10993. Nchini Marekani kikombe cha hedhi huhesabiwa kuwa kifaa cha tiba, ilhali Ulaya huuzwa kama bidhaa ya kawaida. Ndiyo maana maneno "kimetoka Ulaya" hayatoshi kuwa ushahidi.

Kwamba mali ghafi inaweza kuua si jambo la kubuni. Mwaka wa 1980 nchini Marekani mamia ya wanawake waliugua ghafla homa kali, upele na shinikizo la damu kushuka, na makumi wakafariki. Ugonjwa huo husababishwa na sumu ya bakteria aina ya stafilokoki, na wengi wa waliougua walikuwa wanatumia tamponi, yaani sodo ya kuingizwa ukeni, hasa ya Rely, iliyokuwa imejazwa povu la poliesta na selulosi iliyobadilishwa kikemia ili inyonye sana na kukaa muda mrefu. Kampuni ya Procter & Gamble iliiondoa sokoni mwezi wa Septemba mwaka huo huo. Tangu hapo kila anayetengeneza kitu cha kuingia ukeni anajua kwamba hawezi kuchukua mali yoyote iliyo rahisi na kuijaza humo. Ugonjwa huo umewahi kuonekana pia kwa watumiaji wa kikombe, lakini ni nadra mno: mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa mwaka wa 2019 katika jarida la The Lancet Public Health, yaliyojumlisha washiriki 3,319, yalipata visa vitano tu vilivyoripotiwa. Homa kali ya ghafla pamoja na upele wakati wa hedhi ni sababu ya kutoa kikombe mara moja na kukimbilia hospitali. Usingoje kesho.

Ushahidi wa karibu zaidi na sisi umetoka Siaya, kaskazini mwa Kisii. Huko Gem watafiti walizigawa shule 30 za msingi katika makundi matatu: wasichana wengine walipewa vikombe vya silikoni vya Mooncup, wengine sodo, wengine wakaendelea na desturi yao ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka wa 2016. Maambukizi ya magonjwa ya zinaa yalionekana kwa asilimia 7.7 ya wasichana walioendelea na desturi yao, na asilimia 4.2 ya waliopewa vikombe. Waliopewa sodo walikaribiana na wale wa vikombe. Idadi ya walioacha shule haikubadilika, na nalisema wazi kwa kuwa wauzaji wengi huahidi kwamba kikombe kitamrudisha kila msichana darasani. Karo, njaa na mimba za mapema hazizuiwi na kikombe.

Utafiti huo huo wa Siaya ulipima vikombe vyenyewe. Zaidi ya theluthi moja ya vilivyochunguzwa vilikuwa na bakteria aina ya E. koli, wale wa kinyesi, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa waliokuwa wanaanza kuvitumia. Hakuna msichana aliyepatikana na ule ugonjwa wa stafilokoki. Mimi nasoma matokeo hayo hivi: silikoni ilifanya kazi yake, mikono na maji ndivyo vilivyopungua. Bakteria hawaingii ndani ya silikoni nzima, hukaa juu yake, kwa hiyo huondoka kikioshwa na kuchemshwa. Lakini kikombe kilichokwaruzwa kwa brashi ngumu, steli wuli au mchanga wa kusugulia sufuria kina mifereji ambamo hujificha. Nimewaona wasichana wasafi mno wakikisugua namna hiyo ili doa litoke. Doa ni chuma cha damu tu, halidhuru. Kikaushe juani, litafifia.

Kikombe kioshe kwa maji baridi kwanza, kwa kuwa maji moto hugandisha protini ya damu juu ya kikombe. Kisha sabuni ya kipande isiyo na manukato, suuza sana. Usitumie Jik wala dawa yoyote ya kung'arishia nguo, kwa maana huchubua uso wa mpira. Usipake mafuta wakati wa kuingiza; maji matupu yanatosha. Kuchemsha ni mara moja kabla ya hedhi kuanza na mara moja ikiisha, dakika tano tangu maji yaanze kutokota, katika mkebe au sufuria ndogo iliyotengewa kazi hiyo, maji mengi ili kikombe kisiguse chuma cha chini. Mwanafunzi mmoja mwerevu aliniuliza kama maji ya huku yanatosha, kwa sababu nimewafundisha kuwa milimani maji huchemka mapema. Ni kweli. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Lakini E. koli na stafilokoki hufa kabla ya joto kufikia hapo. Dakika tano za Itumbe zinatosha.

Usikifunge kwenye karatasi ya plastiki baada ya kukiosha. Kiweke katika mfuko wa kitambaa cha pamba kipate hewa. Na mwenye koili ya kupanga uzazi aongee na muuguzi kwanza, kwa sababu kukivuta kikombe bila kubana kitako chake ili hewa iingie kunaweza kuivuta koili nayo.

Sasa bei. Mapitio yale ya 2019 yalihesabu aina 199 za vikombe duniani, bei zikianzia chini ya dola moja hadi zaidi ya dola 46. Silikoni ya matibabu iliyofungwa kwa platini na kuokwa ipasavyo haiwezi kugharimu senti. Kwa hiyo kikombe cha shilingi mia mbili kinachoning'inizwa sokoni pamoja na vifuniko vya simu ni lazima kitiliwe shaka. Upande wa pili, pakiti ya sodo kila mwezi kwa miaka 10 hula pesa nyingi kuliko kikombe cha elfu tatu, na sodo zenyewe zina plastiki ya nje ya polithini na chembechembe za polima inayonyonya maji. Huku kwetu zinaishia katika shimo la choo. Haziozi. Shimo linajaa mapema na mwenye boma anachimba jingine katika shamba ambalo tayari ni dogo. Kwa baba anayepokea bonasi ya chai na kupanga matumizi ya nyumba, hesabu hiyo ni rahisi akielezwa.

Na kumweleza ndiyo kazi. Abagusii tuna chinsoni, staha inayomzuia baba na binti kuzungumza mambo ya mwili, na mara nyingi hata mama huona haya. Anayeruhusiwa kusema yote ni magokoro, yaani nyanya. Ndiyo maana nikiwa na mkutano wa wazazi huwaomba nyanya waje, na wao huuliza maswali bila woga. Mmoja alikigeuza kikombe mkononi, akakivuta, akakinusa, kisha akataka kujua kama kitamwondolea mjukuu wake ubikira. Nilimweleza kwamba kizinda ni utando unaoweza kutanuka au kuchanika kwa mambo mengi, na kwamba ubikira hauko kwenye kifaa cha kukinga damu. Alikubali jibu, lakini aliendelea kushika mpira ule na kuuliza unavyovumilia moto. Maswali yake yalikuwa bora kuliko ya semina nzima.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa mwaka wa 2017 ili kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bure, za kutosha na za ubora, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Sodo hazijawahi kutosha. Februari 2023 Gloria Orwoba, binti wa Kisii aliyekuwa seneta mteule, aliingia Seneti suruali yake ikiwa na doa jekundu, akaondolewa ukumbini, na nchi nzima ikazungumza juu ya hedhi. Kama kaunti au wafadhili wataamua kununua vikombe badala ya sodo, naomba zabuni itaje mali ghafi kwa jina: silikoni ya daraja la matibabu, karatasi za vipimo zikiwa zimeambatishwa, na kila msichana apewe mkebe wa kuchemshia. Zabuni isiyotaja hayo italeta vikombe vya matone na moshi mweusi.

Nawe msomaji, ukienda dukani kumnunulia binti yako, mkeo au wewe mwenyewe, uliza mambo mawili kabla ya kuuliza bei: kimetengenezwa na nini, na nani amekipima. Muuzaji akishindwa kujibu, kiache hapo hapo mezani.